Utamu Kolea: Kwa Nini Mkusanyiko Mmoja wa Hadithi Fupi Huridhisha na Mwingine Hukwama

Wapo wasomaji wazuri sana, watu wa kumaliza riwaya ya kurasa mia tatu kwa siku nne, ambao kabatini mwao mna vitabu vya hadithi fupi vilivyokwama kwenye hadithi ya nne. Waulize sababu, hawatakwambia kwamba hadithi zilikuwa mbaya. Watakusimulia ya kwanza kwa furaha, na ya pili hivyohivyo, kisha watasema, "Nilikiweka pembeni, sikukirudia tena." Riwaya si rahisi kuiweka pembeni namna hiyo, maana umemwacha mtu njiani na moyo unataka kujua kama alifika. Kitabu cha hadithi fupi hakina mtu wa kukungoja. Kila baada ya kurasa kumi na tano kinakupa ruhusa ya kuondoka.

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya hadithi, kwa hiyo jambo hili nalala nalo na kuamka nalo. Inakuwaje hadithi kumi nzuri zikusanywe na zizae kitabu kisichoridhisha? Na inakuwaje kitabu kingine, ambacho hadithi zake ukizipima moja moja hazizidi za wenzake, ukikifunga unatamani kurudi ukurasa wa kwanza usiku uleule? Nimetafuta jibu kwa muda mrefu, na nimelikuta katika maneno tuliyokuwa tukiyaitikia utotoni bila kuyafikiri: "Hadithi hadithi!" "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea."

Tulitazame hilo neno la mwisho. Chumvi hukolea kwenye mchuzi, rangi hukolea kwenye kitambaa, iliki hukolea kwenye chai. Kitu kilichokolea kimepenya hadi huwezi tena kukitenga na kile kilichokipokea. Chai ambayo haijakolea inaweza kuwa na iliki nyingi tu, zinaelea juu. Mikusanyiko mingi inayokwama iko hivyo: viungo vyote vimo, vinaelea. Mkusanyiko unaoridhisha ni ule ambao hadithi moja imepenya katika nyingine, ikabadilisha namna unavyoisoma, ingawa kila moja imeanza na kuisha kwa nafsi yake.

Kulisema hilo ni rahisi. Kulifanya ni kugumu, kwa sababu hadithi fupi yenyewe inalipinga.

Mwaka 1842 Mmarekani Edgar Allan Poe, akihakiki hadithi za Nathaniel Hawthorne, aliandika jambo ambalo watu wa fani hii wanalirudia mpaka leo: kwamba hadithi fupi ni ile inayosomeka kwa kikao kimoja, kati ya nusu saa na saa moja au mbili, na kwamba nguvu yake yote inatokana na hapo. Msomaji hainuki, hakatizwi na shughuli za dunia, na kwa muda huo roho yake imo mikononi mwa mwandishi. Kwa hiyo mwandishi achague athari moja anayotaka kuiacha, na kila neno kuanzia sentensi ya kwanza liitumikie athari hiyo.

Tumkubalie. Basi hadithi iliyofanikiwa kwa kipimo cha Poe ni ile ambayo ikiisha, imeisha kweli. Unataka kuinuka, utembee hadi barazani, ukae nayo. Sasa chukua hadithi kumi na mbili za aina hiyo uzitie ndani ya jalada moja. Kila hadithi inamwambia msomaji, "Nimemaliza, inuka." Kitabu kinamwambia, "Kaa, endelea." Kadiri hadithi ilivyo kamili, ndivyo inavyomsukuma msomaji nje ya kitabu. Fundo lenyewe liko hapo, na ndiyo maana kukusanya hadithi bora za mwandishi na kuzibana pamoja hakutoshi kamwe.

Kuna na gharama ambayo waandishi huisahau, gharama ya kuanza. Mwanzoni mwa hadithi yoyote msomaji anafanya kazi nzito kuliko mahali pengine popote: anajifunza majina, anatafuta yuko wapi, anasikiliza ni nani anayesema na kama ni mtu wa kuaminika. Msomaji wa riwaya hulipa gharama hiyo mara moja, kisha anakula matunda yake kurasa mia tatu. Msomaji wa mkusanyiko wa hadithi kumi na mbili hulipa mara kumi na mbili. Naamini kabisa kwamba wanaokwama hadithi ya nne hawajachoshwa na hadithi. Wamechoshwa na kuanza upya, na hawaoni kwamba yale waliyokwisha kulipa yamewasaidia lolote.

Wasimulizi wa ngano walilijua hili kabla ya vitabu. Unguja msimulizi anaita "Paukwa!" na wasikilizaji wanaitika "Pakawa!", halafu yanafuata yale maneno ya aliyeondokea chenjagaa akajenga nyumba akakaa. Wengi wetu tumefundishwa kuiona fomula hiyo kama pambo la kufungulia. Mimi naiona inafanya kazi nzito zaidi. Inaifunga ngano iliyotangulia, inawarudisha watu waliokuwa wametawanyika kimawazo, na inaigawa ile gharama ya kuanza kwa wote waliopo, maana wote wametoa sauti. Zaidi ya hayo msimulizi anawaona wasikilizaji wake. Akiona mtoto amejikunyata kwa hofu ya zimwi, ngano inayofuata itakuwa ya sungura. Kitabu hakimwoni mtu usoni. Mpangilio wa hadithi kitabuni ni jitihada ya mwandishi kuuona uso wa msomaji ambaye hajapata kukutana naye.

Na wasimulizi hao walijua pia namna ya kuzikolezesha hadithi. Kati ya ngano za Unguja ambazo mmishenari Mwingereza Edward Steere alizichapisha London mwaka 1870 imo moja inayoitwa Kisa cha Punda wa Dobi. Kima anakaa juu ya mkuyu na anamtupia papa matunda, mpaka wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika kwao, anampakia mgongoni, na walipofika mbali baharini anamwambia ukweli: sultani wa kwao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anasema, ungeniambia mapema, sisi kima tukitoka tunaiacha mioyo yetu mitini, turudi tukauchukue. Wanarudi, kima anapanda mkuyuni na kunyamaza kimya. Papa anaita, anaita tena. Ndipo kima anamjibu: unanifanya mimi punda wa dobi?

Papa anauliza punda wa dobi ni nani, na hapo inaanza hadithi ya pili. Sungura anamshawishi punda aende kwa simba. Simba anamrukia, punda anaponea chupuchupu na kukimbia. Baada ya muda sungura anamwendea tena, na punda anakubali tena, na safari hii anauawa. Sungura anakula moyo na masikio. Simba alipouliza viungo hivyo viko wapi, sungura anamwambia: punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudi hapa mara ya pili?

Itazame vizuri ngano hiyo ya ndani. Ikisimuliwa peke yake, ni kichekesho cha ujanja wa sungura. Ikiwekwa mdomoni mwa kima aliyeokoka, inakuwa jibu, kukataa, na hukumu juu ya urafiki wote uliotangulia. Hakuna neno hata moja lililobadilika ndani yake. Kilichobadilika ni jirani yake. Na papa hana la kujibu, kwa hiyo ngano ya ndani kwa kuisha kwake imeimaliza na ile ya nje. Sijapata kuona mfano mfupi zaidi unaoonyesha mkusanyiko mzuri unavyofanya kazi. Alfu Lela Ulela, ambayo wasomaji wa Kiswahili wameijua kwa vizazi, inatumia mbinu hiyohiyo kwa upana mkubwa: kila kisa kinasimuliwa na Shahrazadi, mwanamke ambaye akinyamaza alfajiri bila kuacha hamu, atauawa. Gharama ya kuanza kisa kipya unailipa kwa hiari, kwa sababu kila kisa kimebeba uhai wake.

Waandishi wa sasa wameiondoa fremu ya namna hiyo, yaani hadithi ya nje inayozibeba nyingine. Hakuna kima, hakuna Shahrazadi, kuna nusu ukurasa mweupe na kichwa kipya cha habari. Kwa hiyo kazi iliyokuwa ikifanywa na fremu sharti ifanywe na kitu kingine.

Kijana mmoja wa Tanga aliniletea mswada wa hadithi kumi na moja. Alikuwa amezichapisha nyingi kati ya hizo mojamoja magazetini na mitandaoni kwa miaka minne, na watu walizipenda, nami nilizipenda. Lakini niliposoma mswada mzima nilichoka, na nilijilaumu kwanza, nikadhani ni macho yangu. Nikamwita nyumbani. Tukatandika mkeka sebuleni, tukazipanga hadithi zake kila moja na stepla yake, tukazikandamiza kwa vikombe na ndala kwa sababu feni ilikuwa inapeperusha karatasi. Nikamwomba asome kwa sauti sentensi ya kwanza tu ya kila hadithi, moja baada ya nyingine. Alipofika ya sita akanyamaza. Hadithi saba kati ya kumi na moja zilianza na mtu anayeamka. Palikuwa na jogoo, adhana, kengele ya simu, jua la dirishani. Tukasoma sentensi za mwisho: tano ziliishia na kifo. Palikuwa na akina Amina watatu, na hawakuwa mtu mmoja.

"Lakini dada," akasema, "kila moja niliiandika peke yake."

Ni kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa na kosa ikiwa peke yake. Kifo mwishoni mwa hadithi moja kinakupiga. Kifo mwishoni mwa hadithi ya pili kinakufanya uwe macho. Ukifika ya tatu unaanza kuhesabu wahusika na kubashiri nani ataondoka, na msomaji anayebashiri hasomi tena, anasubiri. Kitabu kina namna ya kufichua mazoea ya mwandishi ambayo gazeti linayaficha, kwa kuwa gazetini kati ya hadithi na hadithi zimepita wiki sita. Ndiyo maana nasema mswada wa hadithi usihaririwe hadithi moja moja pekee. Mianzo isomwe kwa mfululizo, miisho isomwe kwa mfululizo, na majina ya wahusika yaandikwe kwenye karatasi moja.

Hapa niseme jambo la kumtetea kijana huyo na wenzake, kwa sababu kurudia si dhambi kila mahali. Mwandishi mwenye jicho lake anarudia; hawezi kuacha. Kuna mtu ambaye katika kila hadithi yake wanawake wanazungumza jikoni huku mwanamume akisikiliza kutoka ukumbini, na tunampenda kwa hilo. Tofauti ninayoiona ni kwamba mazoea hurudi yakiwa yaleyale, lakini jambo linalomsumbua mwandishi moyoni hurudi likiwa limegeuzwa upande, kila mara likionyesha upande ambao hatukuuona. Marudio ya aina ya pili ndiyo yanayokoleza kitabu. Yakikosekana kabisa, kitabu kinakuwa duka la reja reja.

Mpangilio ndipo mahali ambapo marudio hayo yanapata nguvu, na sijui kitabu kinachofundisha hilo vizuri kuliko Dubliners ya Mwairishi James Joyce, kilichotoka mwaka 1914 kikiwa na hadithi kumi na tano za watu wa jiji la Dublin. Joyce alizipanga kwa umri: kwanza utoto, kisha ujana, kisha utu uzima, kisha maisha ya hadhara ya jiji. Hadithi tatu za mwanzo zinasimuliwa na mvulana anayesema "mimi". Baada ya hapo "mimi" inatoweka na hairudi tena, na zote zilizobaki zinasimuliwa kwa nafsi ya tatu. Msomaji halazimiki kuliona jambo hilo ili liingie ndani yake. Anahisi tu kwamba amekua, kwamba yale yaliyokuwa karibu na ngozi sasa anayatazama kwa mbali, na kwamba jiji limemmeza yule mtoto.

Hadithi ya mwisho, The Dead, yaani wafu, Joyce aliiandika mwaka 1907, baada ya zile nyingine kuwa zimekwisha kupangwa. Ukiisoma ukiwa bado unaikumbuka ya kwanza, utaona kazi iliyofanyika. Ya kwanza inaanza na mvulana anayepita barabarani usiku hadi usiku, akitazama dirisha lenye mwanga la nyumba ya kasisi aliye mahututi. Anajua kwamba akifa, ataona mwanga wa mishumaa kwenye pazia la dirisha. Yuko nje, anatazama ndani, anangoja kifo. Kitabu kinaisha na mwanamume mzima ndani ya chumba cha hoteli, mkewe amelala, naye amegeukia dirisha kwa sababu theluji imeanza kugonga kioo. Yuko ndani, anatazama nje, na anawafikiria wafu. Muda mfupi kabla ya hapo mkewe amemsimulia habari za kijana aliyempenda zamani, ambaye usiku wa mvua alisimama nje ya dirisha lake akiwa mgonjwa, na akafa. Hadithi kumi na tano, na dirisha limegeuka.

Kuna na vichwa vya habari. Hadithi ya kwanza, inayohusu kifo cha kasisi, inaitwa The Sisters, kwa ajili ya dada zake wawili. Ya mwisho, inayofanyika kwenye karamu ya kila mwaka ya dada wawili wazee, inaitwa The Dead. Ukibadilishana vichwa hivyo, kila kimoja bado kitakaa mahali pake. Nilipoligundua hilo mara ya kwanza nilikirudia kitabu chote, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile hamu ya kurudi ukurasa wa kwanza inapandwa na mwandishi kwa makusudi.

Kwetu, watu wengi hasa Kenya hukutana na hadithi fupi kwa mara ya kwanza katika diwani za shule: mkusanyiko wa waandishi mbalimbali, hadithi moja imetoa jina la kitabu, na jaladani yapo maneno "na Hadithi Nyingine". Vitabu hivi vimebeba hadithi fupi ya Kiswahili kwa mabega yao, na vinastahili kusomwa kwa macho mengine mbali na ya mtihani. Darasani kila hadithi hutengwa: maudhui yake, wahusika wake, muktadha wa dondoo. Ni nadra mtu kuuliza kwa nini hadithi hii imekaa karibu na ile.

Chukua Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda mwaka 2016. Hadithi yenye jina hilo ni ya Said Ahmed Mohamed. Katika mtaa wa Madongoporomoka, ambao wakubwa wanautamani kwa ardhi yake, jitu la mtu linaingia mkahawani, linakula kila kilichopikwa, na kuahidi kurudi. Kisha yanakuja mabuldoza. Hadithi chache mbele imo Shibe Inatumaliza ya Salma Omar Hamad. Humo kigogo anayeitwa Mzee Mambo anafanya sherehe kubwa ya kitaifa kwa sababu mtoto wake ameanza chekechea na mwingine ameota meno, na watu wanakwenda kula kama hawana kesho.

Ukizisoma kwa miezi miwili tofauti kwa ajili ya majaribio ya darasani, ni hadithi mbili juu ya ufisadi. Zisome kwa wiki moja, uone zinavyozungumza. Katika ya kwanza tumekaa na wanaoliwa, na mlaji ni kioja kinachotisha kutoka nje; tumbo ni lake, si letu. Katika ya pili tumeketi mezani pamoja na walaji, tunasikia porojo zao, tunashika sahani pamoja nao, na polepole tunaelewa kwamba kinachoitwa shibe ni ugonjwa wetu sisi sote. Ya pili inaifanya ya kwanza ikose raha. Unarudi kwa lile jitu na kujiuliza limelelewa wapi, na nani alikuwa akilipakulia. Waandishi ni wawili na hawakuandika kitabu kimoja. Aliyezikutanisha ni mhariri, na hiyo ni kazi ya ubunifu ingawa jina lake husomwa haraka.

Yako mambo mengine yanayofunga mkusanyiko, nami sitayakalia sana. Ngũgĩ wa Thiong'o katika Secret Lives ya mwaka 1975 alizigawa hadithi zake katika sehemu tatu, na mgawo huo peke yake unamwambia msomaji apumzike wapi. Wengine hutumia mtaa mmoja, au ukoo mmoja, au mhusika anayepita nyuma ya hadithi za wenzake. Yote ni mazuri kwa kiasi. Hatari yake ni kukaza mno: kila hadithi ikilazimishwa kubeba kipande cha kisa kikubwa, inaacha kuwa na mwisho wake, na msomaji anapata riwaya iliyopungua. Lile sharti la Poe halijafutwa. Hadithi ijifunge kwanza, ndipo ikolee.

Kujifunga huko, lakini, hakumaanishi kueleza kila kitu. Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote kwa wasomaji ni kwamba "haikuisha, imekatika tu." Mara nyingine wana haki kabisa, mwandishi alichoka akaita uchovu wake mwisho wazi. Lakini mara nyingi hadithi iliyoachwa wazi inaonekana imekatika kwa sababu msomaji aligeuza ukurasa upesi mno. Hadithi nzuri ina sehemu inayotokea baada ya nukta ya mwisho, ndani ya kichwa cha msomaji, na sehemu hiyo inahitaji dakika zake. Mikusanyiko naisoma hadithi moja kwa usiku, mbili zikiwa fupi sana, na nawashauri watu wote wafanye hivyo. Nusu ukurasa mweupe ulio kati ya hadithi mbili unafanya kazi ya "pakawa". Sharti mtu aitike. Na mhariri naye asaidie kwa kutoweka pamoja hadithi mbili zinazodai ukimya wa aina moja. Baada ya hadithi nzito ya kurasa thelathini, hadithi ya kurasa tatu yenye sauti nyepesi haipunguzi uzito. Inautunza.

Nirudi kwenye mkeka. Tulipomaliza kubadilisha mianzo na kuwapa akina Amina wawili majina mengine, tulibaki na swali la mpangilio, na hapo niliona kitu ambacho mwenyewe hakukijua.

Moja ya hadithi zake inahusu mvulana anayeuza machungwa Muheza, wale wanaoyainua kwenye nyavu hadi madirishani mwa mabasi. Abiria mmoja wa kike anapokea wavu wa machungwa, basi linaondoka kabla hajalipa, na mvulana anakimbia pembeni mwa basi akipiga bati mpaka pumzi inamwishia. Machungwa si yake, ni ya mjomba, na hadithi nzima ni njia ya kurudi kwa mjomba. Hadithi nyingine, aliyoiandika miaka miwili baadaye, inahusu mwanamke aliyepanda basi Tanga kwenda Korogwe kwa mazishi ya dada yake ambaye hawakuwa wakisemezana. Katikati ya hadithi hiyo, katika sentensi mbili tu, yumo muuza machungwa: mwanamke anapokea, anafungua pochi, basi linaondoka.

"Ni yeye?" nikamwuliza.

Akazichukua hadithi zote mbili mkononi, akasoma, akakaa chini. Hakuwa amekusudia. Ni tukio alilowahi kuliona mwenyewe dirishani, likamkaa, likajitokeza mara mbili kwa pande mbili.

Katika mswada wake hadithi ya mwanamke ilitangulia. Kwa mpangilio huo, ukifika kwa mvulana unakuwa umekwisha kumjua abiria, umemhurumia, umemsamehe kabla hajakosa. Ile mbio pembeni mwa basi inakuwa bahati mbaya tu. Tukageuza. Mvulana akawa wa pili kitabuni, mwanamke akawa wa mwisho. Sasa msomaji anamchukia mwanamke asiyemjua kwa hadithi nane nzima, pengine anamsahau, halafu anaketi naye kwenye kiti kimoja kuanzia Tanga, anasikia habari za dada yake, na wanapokaribia Muheza anaanza kuogopa. Hakuna sentensi hata moja iliyoandikwa upya kwa ajili ya hilo.

Kitu kimoja tu aliongeza, na alikiongeza mwenyewe usiku ule baada ya kurudi kwao. Mwanamke anashuka Korogwe, wanaomlaki wanampokea begi na wavu wa machungwa, wanamshika mikono kumpa pole, na hapo ndipo anapogundua kwamba mkono wa kulia hawezi kuutoa, kwa sababu bado umefumba noti ya elfu mbili.